Sayansi kama Ufunguo wa Matini ya Kale: Uhakiki wa Usomaji wa Rigveda wa Subhash Kak kwa Kuulinganisha na Simulizi za Mara

Mwaka 1994 Subhash Kak, mwanasayansi wa kompyuta mzaliwa wa Srinagar aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana nchini Marekani, alichapisha kitabu kiitwacho The Astronomical Code of the Rgveda. Dai lake ni kubwa. Rigveda ni mkusanyo wa nyimbo za ibada za Kisanskriti ambao wataalamu wengi wanauweka kati ya mwaka 1500 na 1000 KK. Kwa mujibu wa Kak, idadi ya nyimbo hizo na namna zilivyogawanywa katika vitabu 10 ni msimbo unaohifadhi maarifa ya falaki: mwendo wa jua na mwezi, urefu wa mwaka, hata umbali wa jua kutoka duniani. Mtu aliyesoma nyimbo hizo kwa maelfu ya miaka kama sala tu, kwa maoni haya, alishika sanduku bila kujua kwamba lina kufuli.

Kitabu hicho kinaweza kudhaniwa kiko mbali na Musoma, Bunda na Butiama, lakini suala lake liko karibu sana. Mkoa wa Mara una visasili na visakale vingi vya asili ya koo, vya kuleta mvua na vya kuhama, ambavyo baadhi yake vimeandikwa na wazee wenyeji wenyewe na kuingizwa katika mkusanyo wa mwanahistoria Jan Bender Shetler, Telling Our Own Stories, wa mwaka 2003. Wasomaji wa matini hizo leo ni kizazi kilichopita katika darasa la fizikia na baiolojia kabla ya kukaa miguuni pa babu. Butiama kwenyewe kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kinachobeba jina la Mwalimu Nyerere. Kishawishi cha kumfanya mleta mvua kuwa mtabiri wa hali ya hewa, na mzimu wa mvua kuwa jina la kale la mgandamizo wa hewa, kipo na kina nguvu. Ni vyema basi kuipima njia ya Kak pale ilipokwenda mbali zaidi, ili kujua ni hatua zipi za njia hiyo zinabeba uzito na zipi zinavunjika.

Jambo moja lisemwe mapema kwa haki. Hamasa ya Kak haikuzuka hewani. Elimu ya kikoloni nchini India, ambayo waraka wa Macaulay wa mwaka 1835 ni kielelezo chake mashuhuri, iliyadharau maarifa ya Kisanskriti kwa jumla. Dharau ya namna hiyo iliwafikia pia waleta mvua wa Mara, ambao misheni na serikali ya kikoloni viliwaweka katika fungu moja na waganga wa ramli. Msomi anayerudi kwa mababu zake na kutaka kuonyesha kwamba hawakuwa wajinga ana sababu nzuri. Sababu nzuri, hata hivyo, haithibitishi fasiri.

Hesabu ya vitabu 10

Kiini cha hoja ya Kak kinaweza kukaguliwa na yeyote mwenye kalamu na karatasi, na hili ni jambo la kumsifu nalo, kwani fasiri nyingi za aina hii hazitoi hata nafasi ya kukaguliwa. Kak anaeleza kwamba umbali wa jua ni takriban mara 108 ya kipenyo chake, na umbali wa mwezi pia ni takriban mara 108 ya kipenyo chake. Nambari 108 ina utukufu katika utamaduni wa Kihindu. Njia ya jua angani toka mawio hadi machweo ni nusu duara. Nusu duara yenye nusu kipenyo cha vipimo 108 ina urefu wa vipimo 339 hivi. Nyimbo za Rigveda, bila kuhesabu 11 za nyongeza ziitwazo Valakhilya, ni 1,017. Na 1,017 ni 339 mara tatu.

Falaki ya dai hilo si mbaya. Wastani wa umbali wa jua, kilomita milioni 149.6, ukigawanywa kwa kipenyo chake cha kilomita milioni 1.39, hutoa takriban 107.5. Kwa mwezi jibu ni 110.6. Uwiano huo hauhitaji darubini wala roketi: mtu akisimamisha fimbo na kurudi nyuma mpaka fimbo ifunike mwezi mzima, atajikuta amesimama umbali wa urefu wa fimbo mara 110 hivi. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba watu wa kale wasingeweza kuujua uwiano huo. Wangeweza. Lakini kutoka kwenye uwezekano wa kujua hadi kwenye uthibitisho kwamba walijua, kisha kwamba walificha walichojua katika idadi ya nyimbo, kuna hatua mbili ambazo kitabu kinaziruka kwa wepesi.

Hatua ya pili ndiyo dhaifu. Vitabu 10 vya Rigveda, Valakhilya zikiwamo, vina nyimbo 191, 43, 62, 58, 87, 75, 104, 103, 114 na 191, jumla 1,028. Msomaji akijumlisha vitabu vinne vya kwanza anapata 354, ambazo ni siku za mwaka wa mwezi. Je, huo ni msimbo? Kabla ya kujibu, na ahesabiwe jinsi anavyoweza kuchagua vitabu vya kujumlisha: kila kitabu kinaweza kuingizwa au kuachwa, hivyo kuna michanganyiko 1,023. Majumla yake yote yanaangukia kati ya 43 na 1,028, yaani katika nafasi ya nambari 986. Idadi ya vikapu inakaribia idadi ya matunda. Mtafutaji akiruhusiwa tena kugawanya kwa tatu, au kuziacha Valakhilya anapotaka na kuzirudisha anapotaka, ni nambari chache za kalenda zitakazomkwepa.

Hata hivyo zipo zinazomkwepa, na hapa ndipo kipimo kinapofundisha zaidi. Jumla ya 354 inapatikana kwa njia zaidi ya moja. Jumla ya 365 haipatikani kwa mchanganyiko wowote wa vitabu hivyo 10. Wala 360 haipatikani. Na 360 ndiyo nambari ambayo Rigveda yenyewe inaitamka: wimbo wa 164 wa kitabu cha kwanza unazungumzia gurudumu la mwaka lenye sehemu 12 na vigingi 360. Kama wapangaji wa mkusanyo walikusudia kuficha kalenda katika idadi za vitabu, ni ajabu kwamba nambari pekee ya siku za mwaka waliyoiimba waziwazi ndiyo iliyokosa nafasi. Msomaji wa msimbo huandika 354 daftarini na kusahau kwamba 360 haikujitokeza. Hakuna udanganyifu katika jambo hilo, ni udhaifu wa kawaida wa jicho linalojua tayari linachotafuta.

Zaidi ya hayo, mpangilio wa Rigveda una maelezo mengine yaliyokuwapo kwa zaidi ya karne moja kabla ya Kak. Hermann Oldenberg alionyesha mwaka 1888 kwamba katika vitabu vya koo, yaani cha pili hadi cha saba, nyimbo zimepangwa kufuata mungu anayeimbiwa na, ndani ya kundi hilo, kufuata idadi ya beti ikishuka. Huo ni mpango wa watunza nyimbo wanaotaka kukumbuka na kutopoteza. Michael Witzel wa Harvard, aliyemkosoa Kak mwaka 2001, alisisitiza pia kwamba mkusanyo uliotufikia ni kazi ya wahariri wa baadaye. Idadi ya nyimbo katika kitabu ni matokeo ya historia ya koo, ya mabishano ya wahariri, na pengine ya nyimbo zilizosahauliwa. Kuipa idadi hiyo nia moja ya kifalaki ni kufuta historia hiyo yote.

Umberto Eco, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1992 kuhusu fasiri na fasiri iliyopita kiasi, alitofautisha nia ya mtunzi, nia ya msomaji na nia ya matini. Nia ya matini ndiyo inayoweka mipaka: dhana ya msomaji juu ya sehemu moja haina budi kuungwa mkono na sehemu nyingine za matini hiyohiyo. Kwa kipimo hicho, 339 ya Kak ni yatima. Hakuna wimbo unaoitamka, wala unaosema kwamba nyimbo zihesabiwe.

Matofali ya madhabahu

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na wahakiki wengi wa Kak huishia hapo. Lakini kitabu kina upande mwingine ulio imara, na kuuacha kungekuwa kosa la kiuhakiki. Upande huo unahusu madhabahu za moto. Satapatha Brahmana, matini ya ibada iliyokuja baada ya Rigveda, inaeleza ujenzi wa madhabahu ya matofali kama ujenzi wa mwaka. Mawe ya kuzunguka madhabahu ni 360, na matini inasema hayo ni usiku wa mwaka. Matofali ya aina moja yanafika 10,800, na matini inasema hizo ni muhurta za mwaka, yaani vipande vya saa ambavyo kila siku ina 30. Na 30 mara 360 ni 10,800. Hapa hakuna haja ya msimbo. Kuhani mwenyewe anatoa ufunguo na kueleza maana yake.

Vivyo hivyo vitabu vya Sulba, mwongozo wa kupima viwanja vya madhabahu, vinatoa kanuni ya ulalo wa mraba inayolingana na 577 kwa 408, yaani 1.4142157, ilhali thamani halisi ni 1.4142136. Hiyo ni jiometri hasa, iliyofanywa kwa kamba na vigingi kwa sababu tofali lililokosewa lingeharibu ibada. Msomaji wa sayansi anayechimba hapa anachimba penye madini. Tofauti kati ya sehemu hii na ile ya vitabu 10 haitokani na kiasi cha sayansi kilichotumika. Ni kwamba katika sehemu hii sayansi inajibu swali ambalo matini imelitaja, na katika ile inajibu swali ambalo msomaji amelileta mfukoni.

Inasikitisha kwamba Kak anazichanganya sehemu hizi mbili katika hoja moja, kiasi kwamba nguvu ya madhabahu inakopeshwa kwa hesabu ya nyimbo. Mwanafizikia Meghnad Saha, mwenye mlinganyo mashuhuri wa ioni wa mwaka 1920, aliwahi kuandika kwa Kibangla, kwa kejeli kali, juu ya watu waliomwambia kila ugunduzi wake umo tayari katika Veda. Kejeli hiyo inawafaa wengi. Kwa matofali 10,800, haifai.

Mvua ya Ikizu, viwavi vya Butiama

Kipimo hicho, cha kuuliza kama matini yenyewe imelitaja swali, sasa kihamishiwe Mara.

Katika simulizi za Waikizu, wilayani Bunda, anatajwa Nyakinywa, mwanamke mleta mvua aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma, na Isamongo, mwindaji aliyekutana naye. Utemi wa mvua wa Ikizu unafungamanishwa na Nyakinywa. Anatajwa pia Muriho, ambaye jina lake linabebwa na mlima Chamuriho. Ichukuliwe kwamba msomaji wa sayansi anaishika simulizi hii kwa njia ya vitabu 10. Atasema Nyakinywa alijua kwamba juu ya Ziwa Viktoria ngurumo hujengeka usiku na alfajiri, na kwamba mchana upepo wa ziwa husukuma mawingu kuelekea nchi kavu. Atasema mlima ni kituo cha kutazama hali ya hewa. Atasema ndoa ya mleta mvua na mwindaji ni kanuni ya ikolojia. Fizikia ya ziwa iliyotajwa hapo ni sahihi. Mtu anayeishi Musoma huiona kwa macho. Lakini simulizi haisemi lolote kuhusu upepo wa ziwa. Inasema mwanamke mgeni alikuja akiwa na kitu ambacho wenyeji hawakuwa nacho, na kwamba mamlaka yakakaa kwake. Swali la matini ni la uhalali: nani anastahili kutawala, na mgeni anakuwaje mwenyeji. Fasiri ya kitabiri cha hali ya hewa inamwongezea Nyakinywa cheo cha sayansi na papo hapo inamvua utemi.

Shetler, katika Imagining Serengeti ya mwaka 2007, anaonyesha njia tofauti ya kutumia sayansi. Anazisoma simulizi za asili za Mara magharibi akiwa na ushahidi wa isimu, akiolojia na ikolojia, lakini ushahidi huo anautumia kuelewa mandhari ambamo wasimulizi waliishi, jamii za wawindaji, wakulima na wafugaji zilizokutana mahali pamoja, na jinsi majanga ya mwishoni mwa karne ya 19, sotoka ya ng'ombe ikiwa mojawapo, yalivyobadilisha kile kilichosimuliwa. Sayansi hapo ni taa ya kumulika uwanja. Haidai kuwa ndiyo ngoma inayochezwa uwanjani. Pengine Shetler anaamini picha za msingi za simulizi kuwa na umri mkubwa kuliko inavyoweza kuthibitishwa, na hilo linahitaji mjadala wake. Lakini mwelekeo wa hoja zake unakaguliwa kwa namna ambayo 339 haikaguliki.

Butiama inatoa mfano mdogo zaidi na mzuri zaidi, uliomo katika majina mawili ya mtu mmoja. Baba yake Julius Nyerere, Burito, aliitwa Nyerere kwa sababu ya viwavi vilivyoenea nchini alipozaliwa, kwa makisio mwaka 1860. Jina hilo ni matini fupi inayotaja tukio la kibaiolojia waziwazi. Mwanasayansi wa wadudu ana kila haki ya kuingia: nondo wa viwavijeshi husafiri usiku na upepo, huangushwa na mvua, hutaga mayai kwenye nyasi changa, na milipuko yake huja hasa mvua zinapoanza baada ya ukame. Kwa hiyo inawezekana kukisia mwaka wa namna gani ulikuwa, na msimu gani. Baiolojia inarefusha kile jina lilichosema. Ila tahadhari moja inahitajika: mtu asichukue makisio ya 1860, akayatumia kuthibitisha mlipuko wa viwavi mwaka huo, kisha akautumia mlipuko huo kuthibitisha 1860. Mzunguko wa aina hiyo umo pia katika juhudi za kuirudisha Rigveda nyuma zaidi ya tarehe inayokubalika kwa kutumia nyota.

Jina la pili ni Kambarage, la mtoto aliyezaliwa tarehe 13 Aprili 1922 siku ya mvua kubwa, akapewa jina la mzimu wa mvua kwa ushauri wa mwaguzi. Mvua ya Aprili katika Mara ni mvua ya masika. Kisayansi haina la kustaajabisha. Na kwa kuwa haina la kustaajabisha, sayansi haiwezi kueleza jina. Watoto wengi walizaliwa masika ya mwaka ule na hawakuitwa Kambarage. Kinachobaki kueleweka ni uamuzi wa mwaguzi, uhusiano wa ukoo na mzimu ule, na tumaini lililowekwa juu ya kitoto cha mke wa tano wa mtemi. Majina mawili, nyumba moja, vizazi viwili vinavyofuatana; moja linaifungulia baiolojia mlango na lingine linaipa salamu nje ya uzio. Msomaji anayedai ufunguo mmoja kwa matini zote za kale hana budi kupita Butiama kwanza.

Suala la sauti

Rigveda na simulizi za Mara zinafanana katika jambo ambalo Kak analipa nafasi ndogo kuliko linavyostahili: zote ziliishi mdomoni. Wahifadhi wa Veda walibuni namna kadhaa za kukariri, neno kwa neno na kwa kurudiarudia maneno mbele na nyuma, ili sauti isipotee. Kwao ukamilifu ulikuwa katika lafudhi na kiimbo. M. M. Mulokozi, katika kazi zake za kuainisha fasihi simulizi, ameweka utendaji na mazingira ya uwasilishaji kuwa sehemu ya fani yenyewe. Kwa mkabala huo, wimbo uliogeuzwa kuwa tarakimu 1 katika jumla ya 1,017 umeshakufa kabla ya fasiri kuanza. Wimbo wa alfajiri na wimbo wa mazishi vina thamani sawa katika hesabu hiyo. Hakuna mhakiki wa fasihi anayeweza kukubali bei hiyo.

Kwa simulizi za Mara hatari ni kubwa kuliko kwa Rigveda. Rigveda ina maandishi, sherehe, wachambuzi na vyuo. Fasiri moja iliyopotoka haiiui. Simulizi ya Nyakinywa ina wasimulizi wanaozeeka na maandishi machache. Kijana wa Bunda akiipokea mara ya kwanza ikiwa imeshatafsiriwa kuwa somo la hali ya hewa, hatakuwa na matini nyingine ya kuilinganisha nayo. Atairithi fasiri akidhani ni simulizi.

Nyerere mwenyewe alisoma kemia na baiolojia Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945. Alipoigeukia matini ya kale uzeeni, akatunga Tenzi za Biblia zilizochapwa Ndanda-Peramiho mwaka 1996, hakutafuta kemia katika maji ya Kana. Alitafuta mizani na vina, ili Injili iweze kughanwa kwa Kiswahili na watu ambao tayari walikuwa na sikio la utenzi. Kazi hiyo ina kasoro zake za kisanaa, na kuna mahali ambapo mizani inaibana lugha. Lakini kila ubeti wake unadhani kwamba kuna mtu atakayeusoma kwa sauti, na kwamba mwingine amekaa akisikiliza.